Siku Tuliyoanza na Mwisho wa Picha ya Dobi

Tarehe 9 Agosti 1996, siku ya Ijumaa, kambi ya machimbo ya Mlima Fisi ilimpoteza Mabula, mtafsiri wa picha katika banda la video. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Alikuwa mtu mnene mwenye kifua kama pipa, na sikuwahi kufikiri kwamba homa ingemweza. Tulimzika Jumamosi kijijini kwao, upande wa Tinde. Jumatatu nilikuwa nimerudi kambini, nimekaa kando ya jenereta ambayo haikuwa na kazi.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki pale studio ya Nyahanga. Nimeacha kazi mwezi uliopita na mmenifanyia sherehe nzuri, ingawa keki ilizidi sukari. Miaka mingi mmeniuliza kwa nini kila kanda, na baadaye kila sidii na kila flashi iliyopita mikononi mwangu, niliifunga kipande cha uzi chenye mafundo. Nilikuwa nawajibu kwamba ni mazoea. Lilikuwa jibu la kweli lakini halikuwa jibu zima, na sipendi kuondoka nikiwa nimewabakizia nusu.

Shule niliishia darasa la saba. Kabla ya machimbo nilikuwa fundi baiskeli Tinde, kando ya barabara, naziba pancha na kunyoosha rimu. Mwaka 1993 nilisikia kama kila mtu alivyosikia kwamba Mlima Fisi kuna dhahabu, nikatia spana zangu kwenye gunia nikaenda. Duara, yaani shimo la kuchimbia, nililiingia mara moja. Linakwenda chini wima kama kisima. Watu wawili juu wanazungusha winchi ya mti, kamba inateremka, na wewe unateremka nayo. Nilifika chini, nikaona palivyo, nikaomba nipandishwe. Wale wa kwenye winchi walicheka mpaka nikaogopa wataniachia. Mmoja wao aliitwa Nyanda, na hakuniruhusu kuisahau siku ile.

Aliyenipa kazi ni Mabula. Yeye naye aliwahi kuwa mtu wa winchi kwenye machimbo mengine, miaka sita, mpaka bega likakataa. Ndipo yeye na mkewe, Mama Shija, wakajenga banda la miti na turubai jeusi, wakaweka benchi za mabanzi, televisheni moja, deki moja ya kuchezea kanda, na spika ya aina inayofungwa juu ya magari ya matangazo. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia miguuni.

"Wewe fundi wa nini?"

"Baiskeli."

"Jenereta ni baiskeli inayokanyagwa na petroli. Njoo."

Sikupata mafunzo mengine. Yaliyobaki nilijifunza kwa kuungua vidole. Nilijifunza kuchuja petroli kwa kitambaa cha kanga, kwa sababu wauzaji wa kambini walikuwa wakarimu sana wa mchanga. Nilijifunza kusugua plagi kwa msasa kabla ya kila onyesho, si baada ya kuzimika. Nilijifunza kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kipande cha fulana nyeupe, polepole, bila kupumua, maana vumbi la mawe yaliyosagwa liliingia kila mahali, hata kwenye uji. Wengi wenu hamjawahi kuona deki. Haidhuru. Somo ni lile lile: chombo kisafishwe wakati kinafanya kazi vizuri.

Jenereta ilikaa kwenye shimo nililolichimba nyuma ya banda, ili mlio wake usimeze sauti ya Mabula. Na mimi nilikaa hapo hapo shimoni nikiilinda, mgongo umeelekea kwenye turubai. Kwa hiyo kwa miaka mitatu nilisikia picha zote za Mlima Fisi na sikuona hata moja. Mkinitajia mpiganaji fulani, nilimjua kwa kelele zake. Uso wake sikuujua.

Sauti ya Mabula niliijua kuliko ya ndugu zangu. Kiingereza chake hakikuwa kingi, lakini hakikumzuia kwenda popote. Picha ilipoanza aliwagawia watu wa kwenye kioo majina ya kambini. Mnunuzi wa dhahabu mwenye mizani isiyoeleweka alijikuta ndiye muuaji katika kila picha. Watu wa Ulaya walisalimiana "mwadila" na kujibizana kwa Kisukuma kabla ya kupigana risasi. Mazungumzo yakiwa marefu na yeye hajaelewa, aliwafanya wajadili mahari. Wachimbaji walitoka pale wamelowa machozi ya kicheko, na kesho yake wanarudi kuangalia picha ile ile, kwa sababu kesho mahari ilikuwa imebadilika.

Mara moja nilimwambia kwamba napenda kazi yake. Alinipiga bega.

"Wewe huiwezi, Fundi. Wewe mtu akikuuliza petroli imebaki kiasi gani, unamwambia kiasi kilichobaki."

Nilikubali. Ilikuwa kweli.

Siku moja kabla hajaugua alikwenda Kahama, kwenye duka la familia moja ya Kihindi waliokuwa wakituazima kanda. Alirudi na picha mpya ambayo alikuwa ameiangalia yote palepale dukani, amesimama. Ilikuwa imenakiliwa kwenye kanda mbili. Vibandiko vyake vilikuwa vimeandikwa kwa maandishi ya kwao, ambayo hakuna mtu kambini aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo Mabula alizifunga uzi kama alivyofanya siku zote. Kanda moja ilikuwa na fundo moja, nyingine mafundo mawili.

"Hii itaua watu," aliniambia. "Kuna dobi, Fundi. Anafua nguo hotelini. Serikali inamchukua inamfanya jasusi. Hajui kushika bastola. Hajui kitu."

"Anashinda?"

"Hilo utalisikia Jumamosi."

Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: DOBI JASUSI, INAKUJA. Hiyo Jumamosi ndiyo tuliyomzika. Nilipotoka msibani ubao ulikuwa bado unasema inakuja.

Sasa kambi ilikuwa na kanuni yake. Viwanja vya biashara viligawiwa na kamati, na kiwanja kikikaa siku thelathini bila biashara, kinapewa mwingine. Haikujali umesafiri, umefungwa au umefiwa. Mwanzoni ilisaidia, maana watu walikuwa wanashika viwanja halafu wanapotelea machimbo mengine. Lakini kiwanja chetu kilikuwa njia panda, pazuri kuliko vyote, na mtu mmoja aliyeitwa Ndaki alikitaka afungue kilabu cha bia. Mama Shija hakuwa na kingine. Shamba lilikuwa la ukoo wa mume, na shemeji zake walishaanza kulizungumzia kwa sauti ya upole ambayo haikumdanganya. Banda likiondoka, yeye na Shija wake aliyekuwa shuleni Ushirombo walikuwa hawana pa kurudi.

Ijumaa, siku ya ishirini na nane tangu Mabula afariki, Ndaki alikuja na kamba akaanza kupima upana wa banda. Mama Shija alikuwa amekaa mlangoni na kitenge chake cheusi.

"Shikamoo, Mama Shija," Ndaki alisema. Walikuwa rika moja.

"Pima tu," alijibu. "Upande ule una mchwa."

Alipoondoka, Mama Shija alikuja mpaka kwenye shimo langu.

"Fundi, kesho tunaonyesha."

"Nani atatafsiri?"

"Kuna mwalimu mmoja Ushirombo anajua Kiingereza sana. Nimempelekea ujumbe. Ameomba tumfuate na gari."

"Gari hatuna."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe umesikia picha zote."

"Nimesikia, Mama Shija. Sijaziona."

"Basi kesho utaziona."

Nilimweleza yote. Kwamba Kiingereza changu ni cha spana na vipuri. Kwamba siwezi kutunga, nikitunga nakwama. Kwamba watu wa Mlima Fisi wakichoka wanang'oa benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mabula alisema hivyo hivyo juu yako," alisema. "Lakini Mabula hayupo."

Jumamosi saa sita mchana nilisugua plagi, nikachuja petroli, nikasafisha kichwa cha deki. Mikono ilikuwa imara maana hayo niliyajua. Kwenye ubao Mama Shija alifuta "inakuja" akaandika "leo". Saa nane banda lilijaa mpaka watu wengine wakakaa chini mbele ya benchi. Nyanda alikuwa safu ya kwanza, miguu imenyooshwa. Nyuma karibu na mlango alikaa Mzee Lugembe, mwenyekiti wa kamati, na daftari lake la viwanja, na pembeni yake Ndaki, aliyelipa kiingilio kama mtu anayelipia ushahidi.

Nilichukua kanda yenye fundo moja, kwa sababu moja inatangulia mbili, nikaiingiza kwenye deki. Nikawasha kipaza sauti. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, kubwa kama ya ng'ombe.

Picha ilianza na mtu mwembamba mwenye miwani ananing'inia dirishani, ghorofa ya juu sana, amevaa suti. Sikushtuka. Kwa nilivyosikia miaka mitatu, picha hizi huanza na mtu yuko matatani. Mle ndani mlikuwa na mtu mwenye masharubu mazuri akimwambia maneno marefu. Banda zima likanisubiri.

"Huyu wa dirishani nadhani ndiye dobi," nilisema. "Mwenye masharubu anamwambia kitu. Sijaelewa anasema nini. Lakini si kitu kizuri."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

"Anaitwa nani dobi?" Nyanda aliuliza.

"Jina sijalisikia vizuri."

"Unajua nini sasa, Fundi?"

"Najua ananing'inia."

Wakacheka zaidi. Sikuwa nachekesha, nilikuwa nataja nilichokiona. Lakini niligundua kitu ambacho nawaachieni kama somo la kazi: watu hawana haraka na mtu anayewaambia ukweli. Niliposema "hapa ameongea Kiingereza cha haraka, tumwache amalize," walimwacha amalize. Niliposema "huyu mwanamke mzee nilidhani ni mama yake, kumbe ni mkubwa wake wa kazi, naomba radhi," walipiga makofi. Na mimi nilikuwa naona picha kwa mara ya kwanza maishani, kwa hiyo dobi aliporuka kutoka dirishani akaangukia kwenye toroli la mashuka machafu, nilipiga yowe kwenye kipaza sauti kabla yao. Dobi alimfukuza mwenye masharubu kwa toroli lile mpaka jikoni. Alimwagia wanga wa kunyooshea nguo, masharubu yakakakamaa kama waya. Akampiga kwa pasi ya mkononi. Mwenye masharubu alitumbukia kwenye mtambo wa kufulia, akazunguka, akanyamaza, na kwa alivyolala niliwaambia watu kwamba amekufa. Yule bibi akamvisha dobi medali. Muziki ukapanda, majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Fundi, majina yanapanda," Nyanda alisema. "Imeisha?"

"Sijui. Labda wanataja wafanyakazi kabla ya mapumziko. Kanda nyingine ipo."

Nikaweka ya mafundo mawili. Muziki tena, maandishi makubwa, halafu chumba chenye mvuke. Na yule yule dobi, amevaa aproni, anafua mashati.

Nilisikia benchi zikilia.

"Huyu si amepewa medali sasa hivi?" mtu aliuliza nyuma. "Mbona amerudi kufua?"

"Wamemfukuza kazi," mwingine alisema.

"Ameila yote," alisema wa tatu. "Kama Nyanda. Alinunua pikapu mwezi wa tatu, mwezi wa tano yuko kwenye winchi."

Banda lilicheka, na Nyanda mwenyewe alicheka. Wote waliona ni jambo la kawaida kabisa. Mlima Fisi watu waliopewa medali wakarudi kufua walikuwa wengi. Wangeendelea kuamini hivyo mpaka jioni. Lakini mlango wa chumba cha mvuke ukafunguliwa, akaingia mwenye masharubu, mzima, anatabasamu, akampa dobi mkono.

Hakuna aliyecheka. Watu wanaofanya kazi chini ya ardhi hawapendi kumwona maiti akitoa mkono. Wawili wa safu ya pili walisimama.

Hapo nilielewa. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha, nikaenda mbele ya kioo na kipaza sauti mkononi. Nawaambia kweli, mle duarani sikuogopa kama pale. Mabula angekuwa yeye, angesema huyu ni pacha wake. Angesema ni ndoto. Na wangemwamini. Mimi nilijaribu kufungua mdomo niseme pacha, na neno halikutoka.

"Jamani," nilisema. "Nimekosea. Nimewaanzishia mwisho. Ile mliyoiona ndiyo kanda ya pili. Hii ndiyo ya kwanza. Dobi hajafukuzwa. Bado hajaajiriwa."

"Rudisheni viingilio," Ndaki alisema kutoka nyuma. Akamgeukia Mzee Lugembe. "Mwenyekiti, umeona mwenyewe. Hii ni biashara?"

Mama Shija alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika turubai kwa mkono mmoja, kama mtu anayejiandaa kulifungua.

"Umejuaje ipi ya kwanza?" Nyanda aliniuliza.

Nilimwonyesha nyuzi nilizozivua kwenye kanda kabla ya kuziingiza. "Mabula alizifunga uzi. Hii fundo moja, hii mafundo mawili. Nilianza na moja."

Nyanda alisimama, akazichukua zile nyuzi kwa vidole vyake vinene, akaziangalia. Akatikisa kichwa.

"Fundi, wewe uliwahi kushika winchi?"

"Unajua kwamba sikushika."

"Najua, nilikupandisha mwenyewe." Watu wakacheka kidogo. "Sikiliza. Mtu wa winchi haoni chini. Kwa hiyo kamba tunaifunga mafundo. Ukivuta, mafundo mawili yakipita mkononi unajua mtu wako bado yuko mbali. Fundo moja, punguza mwendo, kichwa kinakaribia mdomo wa duara. Mabula alikuwa mvuta kamba. Hakuhesabu kilichopita. Alihesabu kilichobaki."

Wazee wa winchi waliokuwa humo wote waliitikia, kama kanisani. Kila mtu ndani ya banda lile angeipanga sawasawa isipokuwa mimi. Miaka mitatu nilikuwa nampokea Mabula kanda mkononi, namsikia anaziingiza kwenye deki, na sikuwahi kuuliza.

Mzee Lugembe alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ndogo, kwa hiyo watu walinyamaza.

"Kanuni inasema biashara," alisema. "Biashara ni mteja. Mimi siyo wa kuamua kama mteja ameridhika." Akawageukia watu. "Mnataka kuondoka au mnataka kukaa?"

"Huyu dobi atashinda," Nyanda alisema. "Tumeona. Mimi nataka kuona alivyoteseka kwanza."

"Acha iende," wengine walisema. "Fundi, acha iende."

Nikarudi kwenye kiti, nikabonyeza.

Nimetafsiri picha kwa miaka mingi baada ya siku ile, na sijapata tena banda kama lile. Tayari tulikuwa tunajua. Mwenye masharubu alipompa dobi mkono, watu zaidi ya mia walimkataza dobi kwa pamoja. Alipomfundisha kulenga bastola, na dobi akapiga taa, watu walimpongeza kwa sababu walikwishaona kwamba hatahitaji bastola, atahitaji pasi. Alipoanguka kwenye kamba ya mazoezi walisema "inuka, medali iko mezani." Kila alipochekwa na wale majasusi wenye misuli, banda zima liliwacheka wale wenye misuli. Sikulazimika kutunga chochote. Nilikuwa nawaambia ninachokiona, nao wananiambia kitakachotokea, na wote tulikuwa tunasema kweli.

Katikati ya kanda yule bibi mkubwa wa kazi alimkalisha dobi mezani, akafungua faili, akamuuliza kitu.

"Anaulizwa jina," nilisema. "Hili swali nimelielewa."

Dobi akajibu, lakini wakati huo huo jenereta ilikohoa, maana niliiacha peke yake kwa mara ya kwanza, na sauti ikakatika kidogo.

"Amesema nani?" watu waliuliza.

"Sikusikia. Samahani. Jenereta."

Halafu Nyanda akasema, bila kupaza sauti, "Mabula."

"Mabula," akasema mwingine upande wa pili.

Nilimtazama yule mtu mwembamba wa Ulaya na miwani yake. Hakufanana na Mabula hata ukucha.

"Hajasema hivyo," niliwaambia. "Lakini tumwite hivyo."

Kuanzia hapo aliitwa Mabula. Mabula alifua, Mabula alianguka, Mabula alitoroka kwa lifti ya vyombo amejikunja kama kuku kwenye tenga. Kanda ilipofika mwisho wake, dobi aliruka juu ya ukingo wa dirisha, akaning'inia, na kioo kikawa cheusi. Ilikuwa imeishia pale pale tulipoanzia. Hakuna aliyeinuka.

"Rudisha ya fundo moja," walisema.

"Mmeshaiona."

"Fundi, rudisha. Sasa anaitwa Mabula."

Nikairudisha. Waliiangalia tena yote, toroli, wanga, pasi, mtambo wa kufulia. Safari hii nilijua kila kinachokuja, nikaweza kukisema vizuri. Yule bibi alipomvisha dobi medali, watu walisimama juu ya benchi na kulitaja jina la Mabula mpaka wapita njia wakaingia ndani kuuliza nani kapata dhahabu. Niligeuka kumtafuta Mama Shija. Alikuwa ameliachia turubai, amefunika mdomo kwa kitenge, na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Aliposhusha kitenge nikaona anacheka, na machozi yapo pia, lakini kicheko ndicho kilichokuwa kikubwa. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Agosti.

Watu walipotoka, Mzee Lugembe alifungua daftari juu ya goti.

"Mama Shija, mwadila."

"Mwadila, Mwenyekiti."

"Kiwanja namba moja, njia panda. Biashara ipo." Akaandika, akafunga. Kisha akamwangalia Ndaki. "Wewe ulikaa mara zote mbili."

"Nilikuwa nasubiri uamuzi," Ndaki alisema.

"Ulikuwa unapiga makofi."

Ndaki alichukua kamba yake ya kupimia akaondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi na mkewe. Kilabu alikijenga upande wa pili wa barabara, na kilitusaidia, maana watu wakitoka kwetu walikwenda kwake kuigiza picha.

Nyanda alipita kwenye shimo langu wakati nazima jenereta.

"Wabeja, Fundi," alinishukuru kwa Kisukuma. "Siku ile duarani nilikupandisha haraka mno. Ungekaa kidogo ungejifunza mafundo."

"Ningekufa kidogo," nilimwambia.

Jumatano nilikwenda Kahama kurudisha zile kanda na kuchukua nyingine. Mwenye duka, mama wa makamo, aliniuliza Bwana Mabula yuko wapi, na nilimwambia. Aliacha kuhesabu kanda, akakaa. Kisha akanipa picha mpya, kanda mbili, na kuniambia kwa Kiswahili ipi inaanza na ipi inamaliza. Nilizishika mikono miwili tofauti njia nzima, juu ya lori, kilomita zote zile, ili zisichanganyike.

Nilifika kambini jua likiwa bado juu. Mama Shija alikuwa anafagia banda. Nilimweleza nilichotaka, akaingia ndani akatoka na uzi wa Mabula, ule mweusi wa kushonea viatu, akakata vipande viwili kwa meno. Nilikaa kwenye benchi. Nikafunga mafundo mawili kwenye kanda ya kuanzia, na fundo moja kwenye ya kumalizia, na yeye akavuta ncha kuangalia kama yamekaza.